Tuachieni Kobe

RISALA YA WANAFUNZI WA SHULE YA KATI KWA MGENI RASMI, SIKU YA TAALUMA

Mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi mlioketi kivulini na wazazi mliokosa kivuli, shikamooni.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Ratiba ilisema utafika saa tatu asubuhi. Kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa hesabu na tunajua makadirio, tuliacha nafasi hapa ya kujaza saa yenyewe. Umefika saa sita kasoro robo. Nyimbo tatu za kukupokea tulishaziimba zote, tukarudia, na kwaya sasa imebaki na sauti ya pili tu.

Tunakuomba usiegemee ukuta ulio nyuma yako. Ulipakwa rangi jana jioni kwa heshima yako na haujakauka. Tunakuomba pia usiweke chupa ya maji katikati ya meza kuu, kwa sababu chini ya kitambaa hicho kuna meza mbili zilizosogezwa pamoja, na hazilingani kimo. Kiti ulichokalia kina miguu minne mizima. Tulikijaribu wenyewe.

Risala hii imeandikwa na kamati ya wanafunzi saba. Mwalimu Mkuu aliipitia akafuta sentensi kumi na moja. Tunamshukuru kwa muda wake, na tumezirudisha. Mahali atakapokohoa, msomaji wetu ameagizwa asubiri amalize kwanza, kisha aendelee.

Tunajua umekuja kwa mambo mawili. La kwanza, kumchukua kobe. La pili, kutia sahihi orodha ya majina sitini na moja iliyo ndani ya bahasha ya kaki mbele yako, ili majina hayo yafutwe kwenye daftari la shule. Tumeambiwa utaitia sahihi baada ya risala na kabla ya chai. Kwa hiyo muda tulio nao ni huu tu.

HISTORIA FUPI YA SHULE, NA YA KOBE

Shule yetu ilianza na vyumba vitatu vya ghala la mbolea. Mpaka leo mvua ikinyesha darasa la sita hunuka mbolea, na wanaosoma humo hurefuka haraka kuliko wengine, ingawa mwalimu wa sayansi anasisitiza kwamba ni umri tu. Baadaye yaliongezwa madarasa mengine manne na ofisi ya walimu. Ukuta kati ya ofisi hiyo na darasa la nane ni wa mbao nyembamba. Hilo tunalitaja sasa ili baadaye usiulize tulijuaje tuliyoyajua.

Kobe alikuja miaka minne iliyopita. Ni wa mbao, mkubwa kama beseni la kufulia, na hukabidhiwa kila mwaka shule iliyoshika mkia kati ya shule kumi na tisa za eneo letu. Masharti yake ni kwamba akae ofisini kwa Mwalimu Mkuu, juu ya kabati, mahali ambapo mgeni akiingia atamwona kabla hajaona kiti. Mwaka wa kwanza Mwalimu Mkuu alimfunika kwa kitambaa cheupe chenye maua pembeni. Ndicho hicho ulichoegemezea viwiko, maana kimehitajika hapa leo, na kobe amebaki uchi.

Hatukumpenda mara moja. Shule jirani walikuwa wakitupita njiani wanatembea polepole kwa makusudi. Lakini ukikaa na mtu miaka minne unamzoea, hata akiwa kobe. Darasa la saba humpangusa vumbi kila Ijumaa.

HALI YA WANAFUNZI

Mgeni rasmi, shule yetu ina wanafunzi 312. Wasichana ni 163 na wavulana ni 149. Mdogo kuliko wote ana miaka kumi na mmoja, na mkubwa kuliko wote anasema ana kumi na sita. Tumekubaliana kutomuuliza tena. Wanaoandika kwa mkono wa kushoto ni 31. Wanaovaa viatu vya kaka zao ni 40, na anayevaa viatu vya bibi yake ni mmoja, lakini ni viatu vizuri. Wanaotaka kuwa marubani ni 14, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda ngazi ya ghorofa.

Kati ya hao 312, waliopo leo ni 251. Sitini na mmoja hawapo. Si watoro. Mtoro tunamjua: mtoro hujificha nyuma ya stoo na kurudi wakati wa uji. Hawa sitini na mmoja wamefuatana na wazazi wao. Ishirini na tisa wako kwenye matanuri ya matofali, ambako familia huhamia msimu wa kiangazi na kulala kando ya matofali yenyewe. Kumi na wanane wako kwenye mashamba ya watu, mavunoni. Tisa wako kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, na barabara ikisogea nao husogea. Watano hatujui waliko.

Kila mwaka huondoka, na kila mwaka wengi wao hurudi. Wengine hurudi baada ya miezi mitatu, wengine minane. Hawaagi vizuri. Jioni mtu anaazima rula yako, asubuhi baba yake amepata kazi, nawe umebaki huna rula wala rafiki.

KUHUSU BI ANAKUJA

Kichwa hiki cha habari hakimo katika mfano wa risala tuliopewa. Tumekiongeza.

Daftari la shule liko mikononi mwa mwalimu wetu wa hesabu. Ni mwanamke mfupi, mwenye kabati lenye kufuli na sauti isiyohitaji kupandishwa. Sisi tunamwita Bi Anakuja. Anajua kwamba tunamwita hivyo na anajifanya hajui, nasi tunajifanya hatujui kwamba anajua. Hajui kwamba tumemwandika humu. Yuko pale karibu na mlango wa stoo, anajifanya anahesabu viti. Mwalimu, viti ni themanini na sita. Tafadhali kaa.

Jina lilitokana na kazi yake. Kila asubuhi mwalimu wa darasa huita majina. Aliyepo hujibu kwamba yupo. Likiitwa jina la aliyesafiri na wazazi wake, darasa zima hujibu kwa niaba yake, "Anakuja," na mwalimu huchora duara mahali pa alama. Desturi hiyo ilianza darasani kwake na sasa ni ya shule nzima. Hata mwalimu wa michezo, ambaye hapendi kuandika chochote, huchora maduara.

Siku moja mvua ilipiga mabati hata somo likashindikana, Bi Anakuja akasogeza kiti katikati ya madawati akatueleza ilivyoanza. Alikuwa mwalimu mpya, mwaka wake wa kwanza, katika shule nyingine. Aliambiwa asafishe daftari, naye akalisafisha vizuri, kwa rula na kalamu nyekundu, akajisikia mtu wa maana kabisa. Jumatatu iliyofuata mmoja wa aliowafuta akarudi. Nafasi yake alikuwa ameshapewa mwingine. Yule msichana hakulia wala hakubisha. Alisimama nje ya dirisha, akasikiliza somo la hesabu kwa muda wa wiki mbili, na mwalimu akawa anapaza sauti kidogo ili imfikie. Wiki ya tatu dirishani hapakuwa na mtu. Alipofika hapo katika kusimulia, Bi Anakuja aliinuka akaenda kutazama mvua mlangoni, akakaa huko muda mrefu kuliko mvua inavyostahili kutazamwa. Tangu mwaka ule hana kalamu nyekundu. Makosa yetu huyasahihisha kwa kijani, na kwa kuwa makosa yetu ni mengi, madaftari yetu yanaonekana kama bustani.

TAALUMA

Sasa tunafika kwenye aibu, mgeni rasmi, na tunaomba utusikilize kwa makini kwa sababu kuna hesabu.

Katika mtihani uliopita wanafunzi 251 walifanya, na jumla ya alama zao ilikuwa 13,052. Ukigawanya unapata wastani wa 52. Kwa wastani huo tungekuwa wa pili kati ya shule kumi na tisa, na kobe angehamia kwa jirani, yule anayetembea polepole. Lakini ofisi yako ya elimu haigawanyi kwa waliofanya. Inagawanya kwa walioandikishwa wote, 312, na sitini na mmoja wanahesabiwa kuwa wamepata sifuri. Wastani unakuwa 41.8, nasi tunakuwa wa kumi na tisa. Bi Anakuja ndiye aliyetufundisha wastani kwa mfano huu huu, ubaoni, bila kupepesa macho. Ni yeye anayetunza yale majina, na ni yeye anayejua kuliko wote bei yake kwa alama.

Tuliwahi kuiandikia ofisi yako tukiomba kanuni ibadilishwe. Tulijibiwa kwamba kanuni iliwekwa kwa sababu kuna shule zilizokuwa zikiwaficha wanafunzi dhaifu siku ya mtihani ili wastani upande. Kanuni ni nzuri. Tungekuwa sisi ni ofisi tungeiweka hivyo hivyo.

Lakini ipo siri kuhusu hiyo 52 ambayo hata mwalimu wa taaluma hajaigundua. Kila anayesafiri huachiwa mtunzaji, yaani mwanafunzi anayemwandikia masomo. Mtunzaji huandika somo mara mbili: kwenye daftari lake, na kwenye daftari la aliyesafiri. Madaftari hayo sitini na moja yako ndani ya kabati la ofisi, chini ya miguu ya kobe. Na mtu akiandika kitu mara mbili, apende asipende, kinamwingia. Ukitazama matokeo, ishirini na wawili kati ya thelathini wetu wa kwanza ni watunzaji. Kwa hiyo, mgeni rasmi, ukiwafuta waliosafiri utakuwa umefuta na mwandiko wa pili, na baada ya mwaka hiyo 52 unayoitafuta nayo utaitafuta usiione.

CHANGAMOTO

Choo cha wageni kimefunguliwa leo kwa mara ya kwanza tangu mgeni aliyekutangulia. Ufunguo utarudi mahali pake ukishaondoka. Mengine kuhusu vyoo tumeambiwa tusiyaseme wakati watu wanasubiri chakula.

Changamoto kubwa ni ile bahasha.

Wiki tatu zilizopita, kupitia ukuta wa mbao tuliokwisha kuutaja, tulisikia Mwalimu Mkuu akizungumza na Bi Anakuja. Hatukutega masikio, darasa la nane zima lilikuwa kimya kwa bahati tu. Mwalimu Mkuu alimweleza kwamba amechoka. Kwenye vikao vya wakuu wa shule anaketishwa karibu na mlango, soda zikigawiwa humfikia za moto, na mwenzake mmoja kila akimwona humwuliza kama kobe ameshataga. Hakusema kwa ukali. Mwalimu Mkuu wetu si mtu mbaya, na tungependa hilo aliandike mtu. Alisema kanuni inaruhusu, asiyehudhuria siku tisini anaweza kufutwa, na anachoomba ni majina sitini na moja tu, ili wastani ukokotolewe upya na kobe aondoke.

"Mkuu, hawa hawajaacha shule," mwalimu alimwambia. "Wamefuata wazazi wao."

"Basi niambie watarudi lini."

"Sijui."

"Unaona sasa."

"Nisipojua ndiyo nimfute mtoto?"

Mwisho Mwalimu Mkuu alisema kwamba kama Bi Anakuja hawezi kuwafuta, mgeni rasmi atatia sahihi mwenyewe Siku ya Taaluma, na kazi ya Bi Anakuja itakuwa kulileta daftari mezani tu. Amelileta. Ni hilo hapo lenye jalada la bluu. Asubuhi alilifuta vumbi, akalipanga sawasawa na ukingo wa meza, kisha akaenda zake kwenye viti.

Huenda unajiuliza kuna ubaya gani, si watoto wakirudi wataandikishwa upya. Tumeuliza. Aliyefutwa akirudi anatakiwa kuleta barua ya uhamisho kutoka shule aliyokuwa. Mgeni rasmi, matanuri ya matofali hayatoi barua za uhamisho.

Hapa kamati ilimwomba msomaji wa risala hii aruhusu habari yake iandikwe. Alikataa siku mbili, akakubali jana. Msomaji ni msichana wa darasa la nane. Mwaka jana alikuwa tanurini miezi saba akibeba matofali mabichi na mama yake. Aliporudi alisimama langoni muda mrefu. Mikono ilikuwa imemkauka ikapasuka, na alikuwa ameshapanga maneno ya kujibu akiulizwa barua. Hakuulizwa. Aliingia, dawati lake lilikuwa wazi, akaketi. Majina yakaitwa. Lake lilipofika, darasa kwa mazoea ya miezi saba likajibu, "Anakuja," kabla hajafungua mdomo, na kalamu ya mwalimu ilikuwa imeshagusa karatasi ichore duara.

Bi Anakuja akanyanyua kichwa, akamtazama.

"Hapana," alisema. "Leo yupo."

Akaweka alama, akaendelea kuita. Jina lililofuata alilisoma vibaya, na lile la baada yake pia, na ni majina aliyoyasoma kila siku kwa miaka miwili.

Msomaji alikabidhiwa daftari lake. Mtunzaji wake ana mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino, na mpaka leo kuna sura ya jiografia ambamo mto unapanda mlima. Lakini alisoma humo humo. Mtihani uliofuata alipata 48. Si nyingi, ila kabla ya hapo alikuwa mmoja wa wale sifuri. Yeye aliyesimama mbele yako sasa hivi na kusoma maneno haya aliwahi kuwa kati ya majina ya kufutwa, na kama bahasha ile ingekuja mwaka mmoja mapema, risala hii ingesomwa na mtu mwingine.

Msomaji, pumua. Kisha endelea.

MAOMBI

Mgeni rasmi, shule huomba madawati, nasi tunayahitaji. Huomba vitabu, maji na uzio. Hayo yote tumeyaandika kwenye karatasi nyingine utakayopewa wakati wa chai, na unaweza kuisahau ndani ya gari kama ilivyosahauliwa ya mwaka juzi. Hatutanuna.

Leo tunaomba kitu ambacho pengine hujawahi kuombwa. Tunaomba kuendelea kuwa wa mwisho.

Kanuni inasema asiyehudhuria siku tisini anaweza kufutwa. Haikusema lazima. Tunakuomba uirudishe bahasha kwenye mkoba wako bila sahihi, ututangaze wa kumi na tisa kati ya kumi na tisa, na utuachie kobe. Tutamtunza. Tumeshampangia zamu mpaka mwakani. Tukipata 52 tena tutajua wenyewe kwamba tumepata 52, na jirani zetu waendelee kutembea polepole, ni mazoezi mazuri ya miguu.

Kwa Mwalimu Mkuu tunaomba pia. Kwenye kikao kijacho aketishwe mbali na mlango na apewe soda ya baridi, hata kama atafika na wastani wa 41.8. Anaongoza shule yenye wanafunzi 312, na si wote wanaoweza kuonekana kutoka hapo ulipo.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tunakutakia safari ya kurudi isiyo na pancha, nyumba yenye afya, na watoto wanaokusalimia bila kukuomba kitu. Mungu akubariki wewe na wote wanaokusubiri popote walipo, na awalinde wote wanaosubiriwa.

Kabla msomaji hajakukabidhi karatasi hizi, tuna jambo moja dogo. Tunakuomba ufungue lile daftari la bluu, ukurasa wa darasa la saba. Jina la kwanza lenye duara ni la msichana wa dawati la tatu, dirishani. Ni mmoja wa wale watano tusiojua waliko. Ukilisoma kwa sauti, tutaitika.

Na ukiamua kulifuta, tusamehe. Kalamu nyekundu shuleni kwetu hakuna. Itabidi utumie yako.

Ni sisi wanafunzi wa shule ya kati, mia tatu na kumi na wawili:
waliopo, mia mbili hamsini na mmoja;
wanaokuja, sitini na mmoja.